Wadogo zangu, anzeni na karatasi

Wanafunzi wa mafunzo ya kazini wakija ofisini kwetu hapa Kisumu, huwauliza wangependa kufika wapi katika kazi hii ya biashara ya kimataifa. Wasichana wengi hutaja Geneva, yaliko makao ya Shirika la Biashara Duniani (WTO), nami hufurahi. Kisha nawauliza kama wamewahi kusoma cheti cha uasili wa bidhaa, yaani karatasi inayoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, kuanzia juu hadi chini. Hapo kimya.

Basi niwaeleze habari za mtu wa huku kwetu. Amina Mohamed alizaliwa Kakamega mwaka 1961, akasoma Butere Girls, halafu akaenda Kyiv kusomea sheria. Wengi wanamkumbuka kwa mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani wa Desemba 2015 pale Nairobi, wa kwanza kufanyika Afrika. Yeye ndiye aliyeuongoza, na ndipo nchi zilipokubaliana kuondoa ruzuku kwa mazao ya kilimo yanayouzwa nje. Picha za siku ile ni nzuri, lakini mimi huwarudisha wadogo zangu nyuma kabisa, alipokuwa balozi wetu Geneva.

Mwaka 2003 aliongoza chombo cha WTO kinachopitia sera za biashara za nchi wanachama. Mwaka 2004 akaongoza kile cha kusuluhisha migogoro. Mwaka 2005 akakalia kiti cha Baraza Kuu la shirika hilo, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Desturi ya shirika lile ni kwamba viti hivyo hufuatana, kwa hiyo mlango wenyewe ni kile cha kwanza, ambapo kazi ni kupitia ripoti nene za ushuru na sheria za nchi moja baada ya nyingine. Kazi hiyo haina shangwe, na ndiyo iliyomfikisha kwenye meza kubwa akiwa anajua kinachosemwa.

Na meza ile ilikuwa na mambo mazito. Tarehe 6 Desemba 2005, yeye akiwa kitini, Baraza Kuu lilikubali kurekebisha mkataba wa haki miliki, ili ruhusa ya muda iliyotolewa 2003 iwe ya kudumu: nchi isiyo na kiwanda cha dawa iweze kuagiza dawa za bei nafuu zilizotengenezwa kwingine bila kukwama kwenye hataza, yaani haki ya pekee ya mgunduzi wa dawa. Sisi wa Nyanza tuliozika ndugu na majirani miaka ile tunajua bei ya dawa ina maana gani. Maneno machache ndani ya mkataba yanaweza kuamua mgonjwa atapata dawa au la. Ndiyo maana siwezi kumvumilia mtu anayeniambia makaratasi ni kazi ya makarani.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza niliajiriwa na kampuni moja ya uwakala wa forodha. Nikapewa makaratasi ya lori la maharagwe kutoka Uganda. Ankara ilisema kilo 9,800, cheti kikasema 8,900. Tarakimu mbili zilibadilishana nafasi, nami nikaangalia mihuri tu, nikapitisha. Mpakani Busia wakalisimamisha lori siku mbili. Mwenye mzigo alikuwa mama wa soko la Kibuye aliyekopa kwenye chama ili anunue maharagwe yale. Alikuja ofisini na leso yake begani, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hukusoma?" Tangu siku hiyo naweka rula chini ya kila mstari.

Mama kama yule ndiye sababu nawataka mzijue pia kanuni ndogo. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa za kanda zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa una cheti chepesi kinachotolewa hapohapo mpakani. Asiyejua hilo hupita njia za panya na kunyang'anywa mali. Ukimweleza mfanyabiashara mmoja vizuri, umefanya kazi ya maendeleo ya kweli, hata kama hakuna aliyekupiga picha.

Jambo lingine ni kusikiliza. Kule WTO maamuzi hufikiwa kwa mwafaka, kwa hiyo mwenyekiti hawezi kumshinda mtu kwa kura. Humsikiliza mpaka ajue kinachomuuma. Kati ya dereva aliyechoka, afisa wa forodha na mwenye mali, kazi yako mpakani ni hiyohiyo.

Na mtashindwa. Amina Mohamed aliomba ukurugenzi mkuu wa shirika lile mwaka 2013, akakosa. Akarudi 2020, akafika watano bora, akakosa tena. Kiti akakichukua Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria, Machi 2021, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza. Katikati ya majaribio hayo mawili ndipo Amina alipoongoza mkutano ule wa Nairobi. Barua ya kukataliwa ikija, wekeni kwenye faili, mrudi mezani.

Walioniandikia wakiomba nafasi ya mwezi ujao, njooni na rula na kalamu nyekundu. Siku ya kwanza nitawapa faili za malori matatu yaliyokwisha pita. Katika mojawapo kuna kosa. Hakuna chai mpaka mlione.