Greda limebomoa ukuta wako: anza hapa

Pole sana dada. Umeuliza kama unaweza kwenda mahakamani kesho kwa ukuta uliobomolewa na greda la halmashauri. Kesho hapana. Sheria inataka kwanza notisi ya siku 90, yaani barua ya kusema unakusudia kushtaki, kwa Mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya 2020, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi, la sivyo inaanguka. Na kesi hiyo hufunguliwa Mahakama Kuu. Bahati yenu watu wa Dodoma, mahakama hiyo mnayo hapo hapo.

Ila kabla ya notisi, nakusihi, usiondoe kifusi! Piga picha, mwite mwenyekiti wa mtaa aone na aandike barua, tafuta fundi akupe makadirio ya maandishi, tunza risiti za tofali na saruji. Uliza pia greda lilitumwa na nani, maana barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu 2017, na notisi ikienda kwa asiyehusika umepoteza miezi mitatu. Nakala yako ya notisi igongwe mhuri wa kupokelewa. Muda wa kudai madhara kama haya ni miaka 3.