Kumeza maneno: wimbo wa kambini katika kipindi cha muziki

Watoto wa Gredi ya 2 huzipenda nyimbo za kambini za maskauti kwa sababu ya vishindo na vichekesho vyake. Lakini zikiimbwa ili darasa lichangamke tu, dakika 30 za kipindi huisha na hakuna aliyejifunza muziki. Chagua jambo moja ambalo wimbo utafundisha. Sisi huanza na mapigo, na mchezo tunaouamini kuliko yote ni wa kumeza maneno.

Tunga mstari wa mapigo manne: Mbuta / ziwani / anapiga / mbizi. Hakuna mtoto wa Kisumu asiyemjua mbuta, samaki wa Ziwa Victoria. Tumia sauti tatu za solfa pekee: so, mi na la. Imbisheni kwa kupokezana, mwalimu mapigo manne, watoto manne, bila kusita katikati. Wakiushika, kila neno lipewe ishara ya mikono. Darasa la watoto 60 halina nafasi ya kurukaruka. Raundi ya pili, "mbuta" amezwe: mdomo kimya, viganja viogelee. Raundi ya tatu "ziwani" nalo limezwe, kisha "anapiga", hadi libaki "mbizi" peke yake baada ya mapigo matatu ya kimya. Likitoka kwa sauti moja, mapigo yamewaingia mwilini.

Mwanzoni halitoki pamoja. Watoto hukimbiza kimya kwa sababu wanahesabu maneno, si mapigo. Usiwakemee. Mpe mmoja mtungi mtupu wa plastiki wa lita 5 aupige taratibu kwa kiganja, raundi zote, kisha uondoe mtungi wakiwa wamezoea. Huko Kakamega, isukuti (ngoma za Waluhya) ikiwepo, chukueni ngoma ndogo tu. Kubwa hufunika sauti za watoto.

Kosa la pili ni sauti ya kuanzia. Mwalimu wa kiume akianza pale koo lake linapopenda, watoto hubaki kunguruma, na wengi huacha kuimba wakazungumza. Piga sauti ya A kwenye rekoda ya soprano (filimbi ya shuleni): kidole gumba na vidole viwili vya kwanza vya mkono wa kushoto. Hiyo iwe so, nao waiimbe oktavo moja chini yake, yaani sauti ileile ya A lakini nzito zaidi.

Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, msiahirishe. Mezeni maneno yote, mikono iendelee, na watoto wakutazame hadi "mbizi" ya mwisho.