Mzee katoka kupasuliwa moyo, hataki kutembea

Swali lenu la wiki: mzee karudi nyumbani baada ya upasuaji wa moyo, anashinda kitandani na kugomea chakula kisicho na chumvi, familia ifanyeje? Kabla ya kumwita mkaidi, kitazameni kitanda chake.

Mfupa wa kidari uliopasuliwa na kufungwa kwa waya huchukua kama wiki 8 hadi 12 kuunga. Kitanda cha kamba kilicholegea humlazimu ajisukume kwa mikono ili ainuke, na kila akijisukuma kidari kinavutwa pande mbili. Anaumia, anaogopa, anabaki amelala. Mpeni kiti kigumu ambacho akikalia magoti hayapandi juu ya nyonga. Akitaka kuinuka asogee ukingoni, arudishe nyayo nyuma, akumbatie mto kifuani, ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume kwa mapaja. Msimvute mkono, ingawa ndiyo huruma ya kwanza inayomjia kila mtu. Mto huohuo aukumbatie akikohoa. Ndoo ya lita 20 asiiguse, asibebe mjukuu, na bodaboda ingoje.

Aliyezibuliwa mishipa na kuwekewa stenti, yaani kibomba kidogo cha waya kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi, hana kidonda cha kidari. Yeye huzuiwa kubeba vizito kwa siku chache tu, ili tundu la mkononi au la pajani lipone. Kumlaza mwezi mzima ni kumdhoofisha bure.

Kutembea kuanze na dakika 5, mara 3 au 4 kwa siku, mahali tambarare. Kila baada ya siku moja au mbili ongezeni dakika 1 au 2, hadi zifike 30 mfululizo. Kipimo ni mazungumzo: akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo. Msitegemee mapigo ya moyo, kwani wengi wao wanameza dawa za kuyapunguza, kama bisoprololi, na mapigo hubaki chini hata mtu akiwa hoi. Atoke kabla jua halijawa kali, na akishakula angoje saa moja. Ila neno “mazoezi” wazee wengi haliwaingii. Aliyezoea kahawa ya barazani apangiwe safari ya barazani: wiki hii nguzo ya kwanza ya umeme, wiki ijayo ya pili, mpaka awafikie wenzake. Ageuke angali na nguvu, maana wengi husahau kwamba kuna kurudi.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo mnahesabiwa mkate, ng'onda na vile vipande vya kukolezea mchuzi. Kosa kubwa ni kupika sufuria mbili. Mzee akipewa chungu chake peke yake hujiona mgonjwa aliyetengwa, kisha atadokoa cha wenzake. Nyumba nzima ile kutoka sufuria moja yenye chumvi kidogo: ndimu, ukwaju, kitunguu saumu na pilipili vibebe ladha, na tui jepesi lichukue nafasi ya kasimele. Baada ya wiki chache ulimi huzoea.

Dawa ndipo penye hatari. Mwenye stenti akiacha aspirini au klopidogreli kwa sababu “amepona”, damu inaweza kuganda ndani ya stenti na kuleta shambulio la moyo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asikatazwe mchicha wala kisamvu. Ale kiasi kilekile kila wiki, kwani kinachovuruga vipimo vyake ni kula nyingi leo na kuacha kabisa kesho. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya dukani, kwa ajili ya magoti asinunue bila kumuuliza daktari. Madafu nayo yana potasiamu nyingi: anayetumia losatani au spironolaktoni, dawa za presha na moyo zinazobakiza potasiamu mwilini, hasa mwenye figo dhaifu, asiyageuze maji ya kunywa.

Mwisho, mizani. Apimwe kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, na namba aiandike mwenyewe kwenye kalenda. Kuongezeka kilo zaidi ya 1 kwa siku moja, au 2 kwa wiki, mara nyingi ni maji yanayojaa mwilini: pigeni simu kliniki siku hiyohiyo. Kifua kikibana, pumzi ikikata hali amekaa, akizimia, au kidari kikianza kulia “ko” akigeuka, msingoje miadi, mpelekeni hospitali.