Jengo la maduka na makazi kwenye mtaa wa soko kongwe: anzia nyuma, si mbele

Mkuu, umesema umepewa kiwanja kwenye mtaa wa soko la zamani, mwenye mali anataka maduka chini, ofisi katikati na nyumba za kupangisha juu, ukauliza uanzie wapi. Sura ya mbele uliyoweka ni nzuri, sina neno. Ila ningekuwa wewe ningeiweka kando, nikaenda sokoni saa kumi alfajiri na daftari.

Nimeshaumbuka, ndiyo maana nasema. Kwenye mradi wangu wa kwanza wa aina hii nilichora uchochoro wa mizigo wa mita mbili, nikajiona mkarimu kweli. Mchukuzi mmoja mzee akautazama mchoro, hakusema kitu. Akakokota mkokoteni wake mtupu kwenye uchochoro wa jirani wenye upana uleule. Ukapita. Akaujaza magunia, akaingia tena. Mwenzake akatokea upande wa pili, wakakwama hapo uso kwa uso, na mwenye mkokoteni wa tatu akaanza kutukana kutokea barabarani. Tukarudia ghorofa ya chini yote, na mhandisi alikuwa ameshamaliza hesabu za nguzo. Mwenye mali hakunisemesha wiki nzima.

Soko lina saa zake. Mzigo unashushwa wakati mpangaji wa juu usingizi ndio umemnogea, na yeye akirudi jioni anapokewa na mabaki ya siku. Kwa hiyo kabla ya kuta, chora jedwali la saa 24: nani anaingia, kwa mlango upi, amebeba nini. Ukishalipata, mengi yanajipanga yenyewe. Ofisi zinakaa katikati kama kinga ya kelele, maana usiku hazina mtu. Vyumba vya kulala vinageukia ua wa ndani. Rotterdam, Uholanzi, kwenye Markthal, jengo la soko na makazi la mwaka 2014, nyumba 228 zimepindwa kama tao juu ya soko lenyewe, na madirisha yanayotazama ndani yana vioo vya tabaka tatu ili kelele na harufu visipande. Soko la Santa Caterina la Barcelona, Hispania, nalo, watu wanapiga picha paa la vigae vya rangi. Mimi nawaambia vijana ofisini watazame chini ya sakafu, kwenye maegesho na sehemu ya kushushia mizigo.

Jambo la pili ni nguzo na mabomba. Mpangilio unaofaa vyumba vya juu huwa unaangusha nguzo katikati ya duka, na boriti kubwa za kuhamishia uzito wa nguzo hizo pembeni zinakula pesa na kimo. Vyoo navyo vipange vifuatane wima, juu ya korido au stoo. Bomba likivuja juu ya meza ya muuza vitambaa, hiyo kesi haiishi.

Wahifadhi wa majengo ya kale watakusumbua kuhusu kimo na rangi. Wasikilize, rudisha ghorofa za juu nyuma kidogo, maisha yaendelee. Mimi kinachonikera ni milango. Hesabu milango ya mtaa ule. Ukikuta kuna mlango kila baada ya mita tatu au nne, halafu wewe ukaleta vioo vya mita 40 vyenye milango miwili, mtaa umeuua hata kama umeiga matao yote ya kale. Gawa maduka madogo yanayoweza kuunganishwa, usifanye makubwa ukitegemea yatagawika baadaye. Umeme, maji na mlango wa nyuma wa kila kipande havipatikani baadaye kwa bei ya kawaida. Na mchuuzi wa meza moja hawezi kodi ya ukumbi.

Sasa weka plani ya ghorofa ya chini tuione. Na utuambie: lori la taka linaingilia wapi, na likishaingia linageukia wapi?