Elfu 30 kwa mwezi: seva na kanzidata ya programu ya kikoba uiweke wapi

Mkuu, umesema programu yako inarekodi michango na mikopo ya vikoba, imeandikwa kwa Node (inayoendesha msimbo wa JavaScript kwenye seva) na Postgres (kanzidata, yaani mahali data inapohifadhiwa), ina watumiaji kama 300 Morogoro na Dodoma, na hutaki kuvuka shilingi 30,000 kwa mwezi. Umeuliza uanze na vifurushi vya bure au ununue seva. Nimeendesha programu inayofanana sana na hiyo tangu 2021, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia. Nunua seva ndogo moja yenye malipo yasiyobadilika, weka Node na Postgres humo humo, kisha nguvu zako zilizobaki zipeleke kwenye nakala rudufu (backup).

Mimi nilianza na bure. Kampuni niliyokuwa kwao ilikuwa na utaratibu kwamba seva ikikaa robo saa bila kuguswa inalala, na ikiguswa inaamka baada ya karibu dakika nzima. Nikaona mtu atasubiri. Sikufikiria kwamba anayebisha hodi si mtu kila wakati. Mwanachama akilipa mchango kwa simu, mfumo wa malipo ndio unaoipelekea seva yako taarifa kwamba fedha imeingia, na mfumo huo hausubiri dakika nzima. Jumamosi moja jioni wanachama sita walilipa, fedha ikakatwa kwenye simu zao, na kwenye programu hakukuonekana kitu. Mweka hazina wao, mama mtu mzima aliyeacha daftari la miaka saba kwa sababu mimi nilimhakikishia, alinipigia saa 3 usiku: "Mwanangu, hela za watu ziko wapi?" Zilikuwepo. Nilikaa hadi usiku wa manane nikilinganisha muamala mmoja mmoja. Lakini kikundi kikishaanza kulitilia shaka daftari, kuirudisha imani ile kunachukua miezi, na mama yule aliendelea kuandika pembeni kwa kalamu hadi mwaka ulipoisha. Programu inayogusa fedha za watu isikae kwenye seva inayolala.

Halafu bure ina tarehe yake ya mwisho, na hiyo tarehe huipangi wewe. Heroku, wanaoendesha programu za watu, walifunga vifurushi vyao vya bure Novemba 2022, PlanetScale wa kanzidata nao wakafunga cha kwao Aprili 2024. Watu waliokuwa na programu hai huko walilazimika kuhama kwa haraka. Supabase, wanaotoa Postgres mtandaoni, bado wana cha bure cha MB 500, lakini mradi usipotumika kwa wiki moja husimamishwa. Nakitumia kwa majaribio na nakipenda, ila vikundi vyangu siviweki huko.

Mtu mwingine aliyekujibu amekushauri utumie Firestore, kanzidata ya Google. Ni kitu kizuri, lakini elewa inavyohesabu. Unapewa usomaji 50,000 kwa siku bila malipo, na kila rekodi inayosomwa ni usomaji mmoja. Ukiwa na ukurasa unaoorodhesha wanachama wote 300, kila anayeufungua amekula 300. Ukifunguliwa mara 167 tu, siku imeisha. Ukitaka kuutumia inabidi uandike programu yako yote kwa kuufikiria mfumo huo tangu mwanzo, na wewe tayari una Postgres yenye jumla, riba na marejesho. Usihame.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyenieleza wakati ule, na naona hata kwenye majibu mengine uliyopewa halijatajwa: umbali kati ya programu na kanzidata yake. Wengi wanaulizia seva iwe karibu na mtumiaji. Ni sawa, lakini kilicho muhimu zaidi ni seva na kanzidata kukaa chumba kimoja. Niliwahi kuweka Node Frankfurt, Ujerumani, na kanzidata nikaichukua mahali pengine kwa sababu ilikuwa bure. Wakati wa kuifungua sikuangalia eneo, nikakubali lililokuwa limeshachaguliwa, kumbe ni mashariki mwa Marekani. Ukurasa wa muhtasari wa kikundi ukawa unachukua karibu sekunde mbili. Siku tatu nilikuwa nalaumu mtandao wa wateja.

Hesabu yake ni hii. Kutoka Dar hadi Frankfurt na kurudi, nikipima kwangu, ni kama milisekunde 150 (milisekunde 1,000 ni sekunde moja), na mtumiaji anazilipa mara moja. Lakini ukurasa ule ulikuwa unaiuliza kanzidata mara 14, swali moja baada ya jingine, na kila swali lilivuka bahari ya Atlantiki na kurudi kwa milisekunde 90 hivi. Mara 14 ni milisekunde 1,260, kabla hata jibu halijaanza safari ya kurudi Dar. Nilipohamishia kanzidata kwenye mashine ile ile ya Node, kila swali likawa chini ya milisekunde moja na ukurasa ukafunguka papo hapo. Sikubadilisha hata mstari mmoja wa msimbo isipokuwa anwani ya kanzidata.

Kwa bajeti yako, chukua dola kwa shilingi 2,600 ili usijidanganye. Seva ya DigitalOcean, kampuni ya kukodisha seva, ya dola 6 kwa mwezi, yenye RAM ya GB 1 na diski ya GB 25, inakuwa 15,600. Ukiongeza nakala ya kila wiki wanayoichukua wao, ambayo ni asilimia 20 ya bei, unafika 18,720. Hetzner wa Ujerumani kwa kawaida wanakupa RAM kubwa zaidi kwa fedha inayolingana na hiyo, na kwenye vituo vyao vya Ulaya kuna TB 20 za data kwa mwezi ambazo hutazimaliza. Ila wanaweza kukuomba kitambulisho unapofungua akaunti, kwa hiyo uwe na pasipoti karibu. Kote huko kadi ya mtandaoni ya Visa au Mastercard unayoipata kupitia simu mara nyingi hukubali, lakini weka salio mapema. Siku ya ankara ikikuta kadi tupu, seva haina huruma. Angalia pia kama ankara inaongezwa VAT.

Kanzidata inayotunzwa na kampuni yenyewe, ile ambayo hushughuliki na lolote, huanzia kama dola 15 kwa DigitalOcean. Hiyo peke yake ni 39,000. Itakufaa vikundi vikifika mia kadhaa, si leo.

AWS ya Amazon, Azure ya Microsoft na Google Cloud zote zina vituo Afrika Kusini sasa, na kitaalamu hazina shida. Shida ni ankara yenye vipengele vingi. Mfano mmoja tu: tangu Februari 2024 AWS hutoza anwani ya IPv4, ile namba ambayo seva hupatikana nayo mtandaoni, nusu senti ya dola kwa saa. Ofa ya mwanzo ikiisha, kwa mwezi hiyo ni dola 3.65, karibu theluthi ya bajeti yako, na bado hujalipia mashine. Kuna na data inayotoka, nayo ina bei yake. Kwa mtu ambaye shilingi 10,000 za ziada zinatoka mfukoni kwake, nasema asubiri.

RAM ya GB 1 inatosha watumiaji 300, usiogope. Ongeza swapu ya GB 2 (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa), funga mlango 5432 ambao Postgres huutumia usionekane kutoka nje kabisa, ingia kwenye seva kwa ufunguo wa SSH badala ya nywila. Picha za risiti usiziweke ndani ya kanzidata, zipeleke kwenye hifadhi ya mafaili kama Cloudflare R2, ambako GB 10 za kwanza ni bure.

Nakala rudufu ndiyo sehemu ninayokuomba uisome mara mbili. Nilikuwa na skripti inayoendesha pg_dump (amri ya Postgres ya kutoa nakala) kila saa 8 usiku, inabana faili kwa gzip na kuhifadhi. Kila asubuhi faili jipya lilikuwepo, lina tarehe yake, nikaridhika. Siku moja nikaangalia ukubwa: baiti 20. La jana, baiti 20. Yote ya siku 19 zilizopita, baiti 20. Nilikuwa nimebadilisha nywila ya kanzidata, pg_dump ikawa inakataliwa, na gzip ikawa inabana hewa tupu na kutoa taarifa kwamba imefanikiwa. Kwenye mnyororo wa amri, Linux, mfumo unaoendesha seva, hukupa jibu la amri ya mwisho tu, usipoandika set -o pipefail. Mikono ilinitetemeka, kwa sababu siku yoyote kati ya zile 19 diski ingekufa, na vikundi 11 vingeamka bila daftari.

Si mimi peke yangu. GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa watu, Januari 31, 2017, walifuta data ya seva yao kuu kwa bahati mbaya, kisha wakagundua kwamba pg_dump yao ilikuwa haifanyi kazi kimya kimya kwa sababu ya tofauti ya matoleo. Waliokolewa na nakala ya saa 6 nyuma iliyokuwepo kwa bahati. Na Machi 10, 2021, jengo zima la seva la kampuni ya OVH liliungua Strasbourg, Ufaransa. Waliokuwa na nakala kwenye kituo hicho hicho walipoteza vyote pamoja.

Kwa hiyo peleka nakala kwa kampuni tofauti na yenye seva. Kanzidata yangu ikibanwa ni MB 6, na nakala za siku 30 hazifiki MB 200, maana yake kwenye zile GB 10 za bure za R2 hulipi chochote. Ifunge kwa nywila kabla haijaondoka. Skripti ikutumie ujumbe faili likiwa dogo kuliko la jana kwa kiasi kikubwa. Na kila mwezi chukua nakala moja, irudishe kwenye kompyuta yako, ujumlishe michango uone kama inalingana na ya kwenye seva.

Mtandao utakatika, hilo nalo lipange. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, huku kwetu intaneti ilikuwa ya kubahatisha. Seva yangu ilikuwa hai muda wote, ila watu hawakuifikia. Kilichosaidia ni kwamba programu huandika mchango kwenye simu kwanza na kuutuma baadaye. Kila mchango uwe na namba yake ya pekee inayotengenezwa kwenye simu, ili ukitumwa mara mbili usihesabiwe mara mbili.

Mwisho, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023, na kupeleka taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti yake. Pitia kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla programu haijakua. Na kama huhitaji namba ya NIDA ya mwanachama, usiiombe.

Ukishapata seva niambie unatumia toleo gani la Ubuntu (aina ya Linux) na Postgres, nikuwekee hapa skripti yangu ya nakala, ile inayokagua ukubwa wa faili.