Taa ya tairi ikiwaka kwenye gari-nyumba: maneno kwa madereva wapya wa kusini

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuendesha au kuhudumia magari-nyumba ya wageni huku Mtwara na Lindi, yale yenye kitanda, jiko na tangi la maji humohumo ndani, nawaombeni tuzungumzie taa moja ya njano kwenye dashibodi, ile inayoonya kwamba upepo wa tairi umepungua. Imechorwa tairi lililokatwa kati, na alama ya mshangao ndani yake. Wengi wanaiacha iwake kwa sababu gari bado linatembea vizuri. Wengine wanatafuta haraka kitufe cha kuizima. Ninachoomba ni hiki: msibonyeze kitu chochote mpaka matairi yote yawe yamepimwa kwa geji, moja baada ya jingine.

Gari-nyumba halipumziki mzigo. Fuso la korosho likifika ghalani linashusha magunia na kurudi tupu. Hili halishushi kitanda, friji wala mitungi ya gesi, na lita 100 za maji kwenye tangi ni kilo 100. Magari mengi ya namna hii yamejengwa juu ya vani kama Fiat Ducato, na matairi ya nyuma huenda yakahitaji upepo wa bar 5.5, yaani karibu psi 80 kwenye geji. Sasa fikiria umesimama kwa fundi pancha pale njiapanda ya Mingoyo. Mkono wake umezoea magari madogo kama Noah na IST. Ukimwambia tu "nijazie upepo", atakupa psi thelathini na tano kwa mazoea, atapokea hela yake, nawe utaondoka na tairi lenye upepo usiofika hata nusu. Mtajie namba. Namba yenyewe imeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi ya mbele si sawa na ya nyuma. Ile iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, haielezi gari lako linataka kiasi gani.

Tairi lenye upepo mdogo linajikunja ubavu kila linapozunguka. Kujikunja huko kunazalisha joto, joto linaachanisha tabaka za ndani, na mwisho tairi linapasuka gari likiwa kwenye mwendo. Barabara ya Nangurukuru hadi Somanga, saa saba mchana, mzigo umejaa, si mahali pa kupasukiwa na tairi la nyuma.

Jambo ambalo wageni wa kazi hii hawaambiwi ni kwamba taa hii huchelewa. Marekani ilitunga sheria mwaka 2000 baada ya ajali nyingi za matairi kupasuka, na kufikia Septemba 2007 magari mapya madogo yote kule yalitakiwa kuwa na mfumo huu wa kuonya upepo ukipungua. Kipimo walichoweka ni taa iwake upepo ukipungua kwa asilimia 25. Kwa tairi la psi 80, maana yake liko kwenye 60 ndipo unaambiwa. Kwa hiyo taa kutowaka si ushahidi kwamba upepo unatosha, na kupima kila asubuhi ya safari kunabaki palepale. Ulaya walilazimisha kwa magari mapya yote ya abiria mwaka 2014, na kwa vani na malori mapya mwaka 2024. Ndiyo maana magari-nyumba ya zamani mtakayokutana nayo mengi hayana mfumo wa kiwandani. Wenye nayo wamejifungia sensa za nje, yaani vifaa vidogo vya kupima upepo, zinazokaa juu ya valvu mahali pa kifuniko, na skrini ndogo karibu na usukani. Hizo ni nzuri, tena zinakuonyesha namba kamili. Lakini ni nzito kwa valvu ya mpira, ambayo hucheza gurudumu linapozunguka na hatimaye hupasuka kwenye shina. Zinataka valvu za chuma.

Mifumo ya kiwandani iko ya aina mbili, na lazima ujue gari lako ni la aina gani. Ya kwanza ina sensa ndani ya tairi, imeshikana na valvu, inapima upepo na kutuma taarifa kwa redio. Ya pili haipimi upepo kabisa: inatumia sensa za breki za ABS (zile zinazozuia magurudumu kujifunga) kulinganisha mzunguko wa magurudumu, kwa sababu tairi lililopungua linakuwa na kimo kifupi na kuzunguka haraka kuliko wenzake. Matairi yote yakipungua kwa pamoja, taratibu, mfumo huu unaweza usitambue. Na hii aina ya pili ndiyo yenye hatari ya kile kitufe cha SET. Ukikibonyeza, unaliambia gari kwamba upepo uliopo sasa ndio sahihi. Ukikibonyeza tairi likiwa na 55, gari litaamini kwamba 55 ndiyo kawaida, na taa itanyamaza mpaka hali iwe mbaya sana. Pima, jaza, kisha bonyeza. Mpangilio huo hauna mbadala.

Taa ikiwa inawaka bila kupepesa, shida ni upepo. Ikipepesa kama dakika moja au moja na nusu baada ya kuwasha gari, halafu ikabaki imewaka, mfumo wenyewe una hitilafu. Mara nyingi ni betri ya sensa, ambayo huishi miaka 5 hadi 10 na haibadilishwi peke yake, unabadilisha sensa nzima. Hata hapo upepo upimwe, kwa sababu hitilafu na pancha vinaweza kuja siku moja.

Ikiwaka mkiwa njiani, ondoa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki kwa nguvu, shika usukani sawasawa, washa indiketa ya kushoto, na tafuta mahali tambarare nje ya lami. Weka pembetatu. Kisha zunguka gari lote kabla ya kushika jeki. Sogeza mgongo wa kiganja karibu na kila tairi bila kuligusa. Tairi lenye joto kuliko wenzake ndilo la kuanza nalo. Kama joto linatoka katikati, kwenye rimu, hapo shaka iende kwenye breki iliyokamata au beringi. Ukiona msumari umezama, usiung'oe mpaka uwe tayari kuziba au kubadilisha, maana huenda wenyewe ndio unaozuia upepo. Na jeki iwekwe kwenye chesisi mahali palipoonyeshwa, kamwe si chini ya sakafu ya nyumba.

Magari yenye matairi pacha nyuma yanahitaji uangalifu wa ziada. Tairi la ndani likiisha upepo, la nje linabeba mzigo wa yote mawili na kwa macho gari limesimama vizuri tu. Halafu kuna mawe ya barabara ya vumbi yanayonasa katikati ya pacha na kula mbavu za matairi yote mawili. Chuchumaa na tochi uangalie.

Halafu kuna chumvi. Huku pwani, kuanzia Mikindani hadi Kilwa Masoko, sensa za ndani zenye valvu ya aluminiamu zinaliwa taratibu. Fungua kifuniko uangalie kwa karibu: ukiona unga mweupe, au ukungu wa kijani kwenye nyuzi za valvu, hapo pana kazi. Kifuniko cha chuma kinaweza kugandana na shina, na ukikilazimisha kwa koleo shina linakatika na upepo wote unatoka. Tumia vifuniko vya plastiki, na sindano ya valvu iwe ile iliyopakwa nikeli, isiwe shaba tupu. Ili kujua kama valvu inavuja, chukua maji ya sabuni, paka kwenye shina na mdomoni, subiri kidogo. Mapovu madogo yakianza kujipanga kuzunguka nati, umepata jibu.

Kwa fundi pancha, simama naye. Mwambie kwa adabu kabla hajainua pao, kile chuma cha kubandulia tairi kwenye rimu: "Mzee wangu, usianzie upande wa valvu, ndani kuna sensa." Pao likiingizwa hapo sensa inavunjika, na kuipata ya mfano uleule Mtwara mjini si rahisi, kwa kuwa mawimbi yake ya redio lazima yalingane na ya gari. Dawa ya kuziba pancha ya kumimina ndani nayo inaweza kuziba tundu la sensa. Itumike ukiwa huna njia nyingine.

Kuna wakati taa huwaka bila tairi kutoboka. Ukijaza mchana Mtwara, matairi yakiwa ya moto, kisha ukalala Newala juu ya uwanda mwezi wa saba, alfajiri taa inaweza kuwaka, na ikazimika baada ya mwendo kidogo. Kwa tairi la psi 80, kila nyuzi 10 za joto ni kama psi 3. Tairi lipimwe likiwa baridi, gari likiwa limesimama angalau saa tatu. Ukilazimika kulipima la moto ukakuta liko chini ya namba ya baridi, limepungua sana, liongeze. Likiwa juu ya namba, usilipunguze.

Mchanga wa kwenda Msimbati ni habari nyingine. Hapo unapunguza upepo makusudi ili tairi litanuke, na taa itawaka kwa haki. Iache iwake, nenda polepole, usikate kona kwa nguvu. Sharti ni kuwa na kompresa ndani ya gari inayofika psi 80 kweli, kwa sababu hizi ndogo za kuchomeka kwenye kiberiti cha gari nyingi zinachoka mapema. Kabla ya kurudi kwenye lami, jaza mpaka namba yake.

Na kwa wanaosindikiza wageni kuvuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala kwenda Msumbiji, kazi hii yote imalizike Masasi, spea ikiwemo. Baadhi ya magari yana sensa hata kwenye spea, na taa inaweza kuwaka kwa ajili yake wakati manne ya chini yako sawa.