Maswali Yenu: Chaliapin ni wa Nani?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mi naimba besi kwenye kwaya ya kanisa hapa Morogoro, juzi mwalimu wetu katuwekea Feodor Chaliapin kwenye simu ili tusikie besi inavyotakiwa, basi ubishi ukaanza, mmoja anasema huyo ni Mfaransa maana kafia Paris na kuzikwa hukohuko, mwingine anasema kazaliwa Kazan kwahiyo Mtatari, mwalimu anasema ni Mrusi na tuendelee na mazoezi. Tumewekeana soda. Anywe nani?

JIBU: Anywe mwalimu, ila asimalize chupa yote.

Kazan kweli ndo kazaliwa, mwaka 1873, na leo ni makao makuu ya Tatarstan, jimbo la Watatari ndani ya Urusi, lakini wazazi wake walikuwa wakulima wa Kirusi walotokea upande wa Vyatka hukohuko Urusi. Kuzaliwa Tanga hakukufanyi Mdigo. Utoto wake wa shida tupu, alipelekwa kwa fundi viatu akajifunze kazi, na sauti yenyewe ilikuja kunolewa Tbilisi kule Georgia, mwalimu Dmitri Usatov alimfundisha bure kabisa.

Sasa hiyo ya Ufaransa ndo yenye mambo. Mwaka 1911 pale Mariinsky, jumba la opera la St. Petersburg, wanakwaya walipiga magoti ghafla mbele ya Tsar, mfalme wa Urusi, wakaimba wimbo wa taifa, walikuwa wanataka kumwomba awaangalie kwenye maslahi, na Chaliapin aliyekuwa jukwaani na mavazi ya Boris Godunov, mfalme wa zamani wa Urusi kwenye opera yenye jina hilo, naye akapiga goti. Weee! Watu wa mrengo wa kushoto walimsema hadi marafiki wengine wakamkimbia, kwamba kajipendekeza kwa mfalme. Miaka 7 baadae Tsar kashapinduliwa, serikali ya mapinduzi ikampa cheo cha "Msanii wa Watu", akiwa wa kwanza kabisa kukipata. Yuleyule wa goti!

1922 akatoka kwenda kuimba nje na hakurudi tena. 1927 akatoa hela kwa padri wa Kiorthodoksi Paris ziwasaidie watoto maskini wa Warusi walokimbilia huko, Moscow ikasema hao watoto ni wa maadui wa mapinduzi, kwahiyo amewasaidia maadui, wakamvua cheo. Kwa hela ya watoto wenye njaa jamani. Mi hapo huwa nashindwa kuwaelewa.

Ila mwambie huyo wa Ufaransa hivi: mwaka 1928 Chaliapin aliimba Boris Godunov pale Covent Garden, jumba la opera la London, na ilirekodiwa ipo mpaka leo, sikilizeni vizuri, wenzake wote na kwaya wanaimba Kitaliano, ye peke yake anaimba Kirusi! Wanamuuliza kwa Kitaliano anawajibu kwa Kirusi, mfalme haelewani na raia wake, na ukumbi umejaa na watu wanapiga makofi. Na sio kwamba Kitaliano kilimshinda, alishaimba La Scala, jumba la opera la Milan kule Italia, tangu 1901 na mke wake wa kwanza alikuwa Mtaliano. Boris ni mfalme wa Warusi, na ye usiku ule alimwimba kwa lugha yao wenyewe. Kwangu huo ushahidi unazidi makaratasi yoyote ya ofisini.

Kuhusu kaburi, jamaa yenu yuko sahihi nusu. Alifariki Paris tarehe 12 Aprili 1938 akazikwa makaburi ya Batignolles, lakini 1984 mabaki yake yalifukuliwa yakapelekwa Moscow, makaburi ya Novodevichy, wakati huo hata cheo chake walikuwa hawajamrudishia, wamekuja kumrudishia 1991. Mtu wamemtaka mifupa kabla ya kumtaka jina.

Kazan nao hawajamwachia, kila mwaka wana tamasha la opera lenye jina lake. Kwahiyo wa Mtatari mpeni funda moja la soda, wa Ufaransa anunue.